Staringi Akiwa Msichana

Kwenye vibanda vya video vya Kondele, mjini Kisumu, kuna sheria ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua: staringi hafi. Atarushiwa bomu, ataanguka kutoka ghorofa ya nne, kisha ataibuka akijipangusa vumbi begani. DJ Afro akiongeza maneno yake juu ya picha, watu wanaangua kicheko na hakuna anayeuliza jamaa alijifunza wapi kuendesha helikopta. Filamu na riwaya zilipoanza kumpa msichana nafasi hiyo, nyingi zilimkabidhi vifaa vilevile: ngumi, bastola, jibu kali mdomoni. Zikamvisha suruali ya ngozi, zikamaliza. Wiki mbili baadaye hakuna anayekumbuka jina lake.

Wanaokumbukwa wametengenezwa vingine. Wana ujuzi walioupata kwa jasho, wanaamua mambo wenyewe, na kila uamuzi una bei. Ngumi zikiwepo ni nyongeza. Makala haya ni ya anayewapenda wasichana hao na angependa kujua wanaundwaje, hasa kama naye anaandika: mchezo wa kuigiza wa tamasha la shule, filamu fupi ya simu, au riwaya inayotolewa kwa vipande kwenye WhatsApp.

Mchukue Katniss Everdeen wa The Hunger Games, riwaya ya Suzanne Collins ya 2008 iliyofanywa filamu mwaka 2012. Watu wanamkumbuka kwa upinde. Lakini kabla hajaingia uwanjani kurusha mshale hata mmoja, riwaya imeshatupa hesabu ya nyumbani kwake. Katika nchi ile, mtoto akifika miaka 12 jina lake linaingia kwenye kura ya kifo, ya kuchagua watoto watakaouana uwanjani: mara moja mwaka huo, mara mbili mwaka unaofuata, na kuendelea hivyo. Fukara anaruhusiwa kuongeza jina lake ili apewe posho ya nafaka na mafuta ya mtu mmoja kwa mwaka, na anaweza kuchukua posho kwa kila mtu wa nyumbani. Katniss amechukua tatu kila mwaka: yake, ya mama, na ya mdogo wake Prim. Sasa ana miaka 16. Majina 5 ya umri, majina 15 ya posho, jumla 20. Rafiki yake Gale, wa miaka 18, mwenye nyumba ya watu wengi, ana 42. Prim ana miaka 12 na jina 1 tu, kwa sababu dadake alimkataza kabisa kuchukua posho. Kura inamwangukia Prim.

Ile 20 inafanya kazi ambayo kurasa kumi za kumsifu Katniss zisingeifanya. Anapopaza sauti kwamba ataenda yeye badala ya mdogo wake, msomaji hashangai, kwa kuwa amekuwa akijitoa kipande kwa kipande tangu alipokuwa na umri wa Prim. Upinde nao una historia ya njaa. Baba aliyemfundisha alikufa mgodini Katniss akiwa na miaka 11, na tangu hapo anawinda porini kinyume cha sheria ili familia ipate kula. Tazama jinsi mwandishi anavyotupa habari za shabaha yake: Katniss hajigambi. Anayesema ni Peeta, mtoto wa mwokaji mikate, ambaye baba yake hununua kuchakulo kutoka kwa Katniss: mshale hautoboi mwili kamwe, kila mnyama amepigwa jichoni. Hiyo ni sifa ya mteja anayejali nyama isiharibike, na inaaminika kuliko sifa ya rafiki au ya msimulizi. Ukiandika, mpe mteja au mshindani kazi ya kumsifu msichana wako. Mama na mchumba wasubiri.

Kwenye skrini ujuzi hauwezi kusimuliwa tu, mwili wenyewe lazima ukubali. Jennifer Lawrence alifundishwa upinde na Khatuna Lorig, mrusha mishale wa Olimpiki, na ndiyo maana mkono wake unapovuta uzi huoni anayebahatisha. Filamu zetu fupi huanguka hapa mara nyingi. Msichana anayeitwa fundi wa pikipiki anashika spana kama kijiko, na mtazamaji aliyewahi kukaa gereji dakika tano ameshajua. Dawa haina gharama kubwa: mwigizaji akae na fundi wa kweli siku mbili tatu kabla ya kupiga picha, arudie kitendo kimoja tu mpaka mikono iache kufikiri. Kitendo kimoja kilichokolea kinatosha. Vitano nusunusu vinamwaibisha.

Pale ambapo ujuzi ni wa kichwani, kazi ni ngumu zaidi. Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair ya 2016, inamhusu Phiona Mutesi, msichana wa Kampala aliyekuwa akiuza mahindi na akawa bingwa wa sataranji. Watazamaji wengi hawaujui mchezo huo, na ubao wenye kete 32 ukiwekwa mbele yao ni ubao tu. Filamu inalimaliza tatizo hilo kwa kumtumia mtoto: msichana mdogo kuliko Phiona anamweleza kwamba kete ndogo kabisa, ikivuka hadi upande wa pili, inaweza kugeuka malkia. Maelezo hayachukui hata dakika, na tangu hapo mtazamaji anajua atazame nini. Kama msichana wako ni mtaalamu wa jambo lisilojulikana na wengi, tafuta kanuni moja tu ya ujuzi huo, iwekwe mdomoni mwa mtoto au mgeni mapema, kisha kila kitu kikubwa kiizunguke kanuni hiyohiyo.

Filamu hiyo ina jambo jingine la kuiga: mama yupo. Lupita Nyong'o, ambaye Kisumu humhesabu kuwa wake, anaigiza Harriet, mama anayempenda binti yake na kumwekea vizuizi kwa sababu ya upendo huohuo. Waandishi wengi humuua mama ukurasa wa kwanza ili msichana awe huru kutembea usiku. Ni njia ya mkato, na inakunyima mpinzani bora uliye naye. Adui mbaya unaweza kumpiga, ukamkimbia, ukamripoti kwa chifu. Mama anayesema "kaa nyumbani" akiwa na sababu ya haki utamfanyaje?

Karibu zaidi na sisi, Asembo imezaa waandishi wawili ambao wakisomwa mmoja baada ya mwingine wanatosha kuwa darasa zima. Grace Ogot, katika mkusanyiko wake wa 1968, Land Without Thunder, ana hadithi ya Oganda, binti wa pekee wa chifu Labongo. Mvua imekataa kunyesha. Mganga ameota kwamba Oganda lazima apelekwe kwa zimwi la ziwani. Wakubwa wanapokutana ndani, msichana anadhani wanamjadilia mume. Baadaye anaimbiwa, anaagwa, anashika njia peke yake kupita msituni kuelekea ziwani. Mwishoni Osinda, mpenzi wake, anamwokoa wakiwa wamejifunika majani, na mvua inamwagika.

Sasa chukua daftari uchore safu tatu: tukio, aliyeamua, alicholipa. Oganda akiingizwa humo, safu ya pili inajaa majina ya watu wengine: mganga, baba, Osinda. Ogot hakukosea. Hadithi yake ni ya mtu aliyenaswa kwenye uamuzi wa wengine, na ule mwendo wa peke yake ndio moyo wa kila kitu. Unausikia kila unyayo. Wanaokosea ni waigaji. Wamechukua zimwi, wamechukua kijana mwokozi, wameuacha mwendo.

Margaret Ogola, katika The River and the Source ya 1994, alienda upande mwingine. Akoko anajulikana kwa sauti yake kubwa tangu akiwa mtoto mchanga, anakua, anaolewa kwa mahari ya ng'ombe 30. Mumewe chifu anakufa, wanawe wa kiume wanakufa, na shemeji yake anakinyakua kiti cha uchifu. Akoko anafunga safari hadi Kisumu kumshtaki kwa serikali ya mkoloni. Hapo si msichana tena, ni bibi mwenye mjukuu, lakini ile sauti ya utotoni ndiyo inayosimama mbele ya mzungu. Ogola aliipanda mbegu mapema sana, akaiacha, akaja kuivuna baada ya kurasa nyingi. Kwenye daftari, safu ya pili ni yake, na safu ya tatu inauma: anaacha nyumba aliyoijenga maisha yake yote.

Daftari hilo lifanyie kazi filamu yoyote unayoipenda. Filamu ya dakika 100 huwa na matukio 40 hadi 60 hivi. Ukifika katikati na jina la msichana halijatokea hata theluthi moja ya safu ya pili, huyo ni abiria ndani ya filamu inayobeba jina lake. Wengi watakushangaza. Kuna mabinti wa kifalme wa kuchorwa ambao tunawasifu kwa sababu ya nyimbo nzuri tu.

Kasoro inayosumbua zaidi huku kwetu, kuanzia Homa Bay hadi Busia, inatoka kwenye filamu za miradi. Mfadhili anataka ujumbe: ndoa za mapema, mimba za shuleni, jaboya (ngono ili kupata samaki). Msichana analia dakika saba, dakika ya nane gari jeupe la mradi linaingia, dakika ya kumi yuko kwenye sare mpya akitoa hotuba. Ujumbe wenyewe ni wa kweli kabisa. Lakini aliyeamua ni gari. Watazamaji wasichana, ambao ndio walengwa, wanajifunza kwamba kazi yao ni kusubiri gari litokee. Kuirekebisha kasoro hiyo hakuhitaji pesa za ziada: kabla gari halijafika, msichana afanye jambo moja la makusudi linalolifanya lije. Aandike barua, atoroke usiku na mdogo wake mgongoni, aibe daftari la madeni la yule mzee. Hata akishindwa, jambo hilo limeshambadilisha kutoka mzigo kuwa mtu.

Ushahidi kwamba huruma na nguvu vinaweza kukaa pamoja ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake, mkunga, anataka atulie ndani. Dadake na kijiji wanashirikiana kumfanya aamini ana nguvu hizo, na mwishowe wote wanajitosa kutengeneza filamu yake. Jo hawezi kumwangusha mtu yeyote, na sheria ya vibandani inavunjika mbele ya macho yako, kwa kuwa staringi huyu anakufa. Hakuna anayetoka pale akisema alikuwa dhaifu. Alitaka kitu mahususi, akakidai kila siku, na watu wazima wakapangua shughuli zao kumfuata. Vilevile Tunu wa Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea iliyosomwa na watahiniwa wengi wa sekondari: anakataa kuozwa kwa mwana wa Majoka, wahuni wanamuumiza mguu, anarudi kwenye harakati akiwa na maumivu. Bei iko mwilini, jukwaani, kila mtu anaiona.

Nadharia ikitosha, tumjenge mmoja. Filamu ya dakika kumi, kurasa kumi hivi za hati. Akinyi, miaka 15, anaishi na dani yake, yaani bibi yake, ufukweni karibu na Dunga, Kisumu, na wanauza omena, wale dagaa wa ziwani.

Ujuzi wake uwe gani hasa? Mitumbwi ya omena hutoka usiku wa giza, na taa huwavuta samaki. Mwezi ukiwa mkubwa, mavuno hupungua. Alfajiri wanawake hungoja na mabeseni, wananunua, wanaanika juu ya nyavu. Jua kali likiwaka, siku moja inatosha. Omena aliyekauka vizuri ukimkunja anakatika na kutoa mlio mdogo. Akipinda bila kukatika bado ana maji, na ukimfunga kwenye gunia atapata joto, ataota ukungu, na baada ya siku chache gunia zima litanuka. Akianikwa chini atabeba mchanga, na mteja atausikia kwenye meno. Mvua ikimkuta nje, anaharibika, na anayeharibika huishia kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Isitoshe, kwa miaka mingi uvuvi wa omena umekuwa ukifungwa kati ya Aprili na Julai. Weka hadithi yako wiki ya mwisho ya Machi: mvua ndefu zinaanza, msimu unafungwa, na saa inagonga bila wewe kumleta jambazi yeyote.

Ukurasa wa kwanza, Akinyi amefumba macho, anakunja omena karibu na sikio, anasikiliza. Anamkataza dani kufunga gunia. Mnunuzi anacheka, anakunja mmoja, hakatiki. Hakuna anayesema neno. Ukurasa wa tatu, wamekopa ili wanunue mzigo mkubwa kabla ya kufungwa, na wingu linapanda kutoka ziwani. Akinyi ameliona, lakini mwenye mkopo anataka pesa kesho, kwa hiyo anaanika. Mvua inawakuta. Ukurasa wa sita ndipo penye filamu yenyewe: nusu ya mzigo una maji, na Akinyi, kwa kuwa anajua kuliko mtu yeyote pale ufukweni omena mbichi anavyofanana na mkavu, anajua pia jinsi ya kumficha katikati ya gunia. Anafanya hivyo. Gunia linaenda kwa mama anayepikia watoto wa shule na ambaye huwa hakagui mzigo, kwa sababu anamwamini Akinyi.

Waandishi wengi huogopa hapo. Wanataka msichana wao awe safi, kosa lifanywe na mjomba mlevi. Usikubali. Ujuzi uleule uliotufanya tumpende ukurasa wa kwanza ndio unaomtia majaribuni ukurasa wa sita, na hakuna mjomba anayeweza kukupa hilo. Ukurasa wa nane ni Jumapili, soko la Kibuye limejaa. Akinyi anamfuata yule mama, anaomba gunia lake, analimwaga juu ya turubai mbele ya wachuuzi wote na kuwatenga wabichi kwa mkono, mmoja mmoja, akiwasikiliza. Anapoteza pesa, anapoteza jina, mkopo haujalipwa. Hesabu ujuzi umeonekana mara ngapi: mara ya kwanza kama kipaji, mara ya pili kama hila, mara ya tatu kama toba. Mara tatu zinatosha kwa filamu ya dakika kumi. Ikiwa moja tu, mtazamaji atadhani ni bahati.

Umri utakusaidia ukiuheshimu. Msichana wa miaka 15 hana kitambulisho, kwa hiyo laini ya M-Pesa ni ya dani, na pesa za mkopo zimeingia kwenye simu ambayo dani hawezi kuisoma bila miwani. Tayari una tukio. Shuleni nako angalia tarehe: wanafunzi wa mwisho wa Kidato cha Kwanza waliingia 2024, na Januari 2026 wa mtaala mpya wakaingia Gredi ya 10. Hadithi ya leo yenye mtoto anayesubiri matokeo ya KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, inanuka kabati. Na lugha: na dani ataongea Dholuo, na wanunuzi atachanganya, na mwalimu atajikaza. Akimwambia dani "shikamoo bibi mpendwa" utawapoteza watu wa Kisumu sekunde hiyohiyo.

Ukipiga picha ufukweni kwa simu, maji yanang'aa kuliko uso, na simu itachagua maji. Uso wa Akinyi utakuwa kivuli cheusi kisicho na macho. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, ufunge mwanga hapo kabla ya kurekodi. Jua liwe ubavuni, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na mtu asimame upande wa pili na shuka jeupe kurudisha mwanga. Upepo wa ziwa huharibu sauti kuliko kelele za watu. Maikrofoni ndogo ya kwenye kola, yenye sponji, ifichwe ndani ya leso. Ule mlio wa omena kukatika urekodiwe kando, ndani ya chumba kimya. Simu haitaunasa ufukweni hata ufanyeje.

Mapigano, kwa kifupi: msichana wa kilo 45 hamwinui mwanamume wa kilo 90. Anaweza kumkimbia, kumfungia mlango, kumwagia maji ya moto, kumpeleka kwenye matope ambayo yeye anayajua na mwenzake hayajui. Mapenzi yawepo ukitaka, mradi mvulana asimalize kazi ya msichana dakika za mwisho.

Mtihani wa mwisho ni hotuba. Rasimu nyingi zinazoletwa kwa ajili ya tamasha hufunga na msichana akiwa amesimama mbele ya kijiji akieleza alichojifunza, mkono hewani, vigelegele nyuma. Ifute yote. Anza kufuta kutoka neno la mwisho kurudi nyuma, usimame pale utakapokutana na kitendo. Kwa Akinyi ni pale anapokunja omena mwingine, anamweka kando, anachukua anayefuata, na turubai bado limejaa.